Nyoka Mwenye Meno Matatu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Jumapili ile tulikuwa tumetoka misa ya asubuhi. Nikafungua mlango wa gereji kuchukua ndoo, nikajikuta nimerudi nyuma, mkono puani. Friza yetu kubwa, ile inayofunguliwa juu kama sanduku, ilikuwa kimya. Chini yake maji mekundu yalikuwa yametambaa mpaka kwenye tairi la baiskeli. Nilipoinua mfuniko, mbuzi mzima niliyemfunga vipande vipande kwa mikono yangu alikuwa amelegea ndani ya mifuko, rangi imegeuka. Ratili 40 za nyama, na samaki wakavu wa ziwa Nyasa ambao mama mkwe aliwabeba kwenye begi kutoka Songea, akiwaficha katikati ya vitenge.

Tunaishi Houston, Texas. Baba watoto anaendesha lori la masafa marefu. Akitoka Jumatatu, huenda tukamwona Jumapili. Mimi nafanya zamu za usiku, nahudumia wazee. Mama mkwe alikuja Februari kwa ajili ya Komunio ya Kwanza ya kitinda mimba wetu, na nyama ile ilikuwa ya sherehe yake, Jumamosi inayofuata.

Nikaangalia ukutani. Kwenye tundu la umeme la friza palikuwa pamechomekwa chaja ya kigari cha kitinda mimba, kitaa chake cha kijani kinawaka. Waya wa friza umelala sakafuni. Kesi ikaishia hapo. Nikamwita.

"Mama, mimi nilikuta pako wazi," akasema.

"Pako wazi, nani alifungua?"

"Mimi nilikuta tu."

Sikumsikiliza. Nilichukua kigari nikakiweka juu ya kabati, nikamwambia aende chumbani, na nikamwambia neno ambalo mpaka leo linaniuma: kwamba wageni wake watakula wali mtupu kwa sababu yake. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Binti yetu mkubwa alikuwa mezani jikoni muda wote huo, kichwa kimeinamia karatasi. Yuko darasa la kumi, na Mei alikuwa na mtihani wa AP, ule wa kiwango cha chuo, wa Historia ya Dunia. Katika mtihani huo kuna insha moja inayowanyima watoto usingizi, wenyewe wanaiita DBQ, sisi nyumbani tumeizoea kama insha ya nyaraka. Mwanafunzi anapewa nyaraka 7 ambazo pengine hajawahi kuziona: barua, picha, hotuba, jedwali. Ana dakika 60, na 15 za mwanzo anashauriwa azitumie kusoma tu. Kisha anajenga hoja yake mwenyewe kutokana na nyaraka hizo. Insha hiyo peke yake ni robo ya alama zote. Ilianza mwaka 1973 kwenye mtihani wa historia ya Marekani.

Mwalimu wao huwapa maswali ya miaka ya nyuma na kuyasahihisha kwa utaratibu wa sasa. Wiki ile aliwapa swali la mwaka 2009, lililouliza Waafrika walifanya nini na walipokeaje Wazungu walipogombania bara lao. Zamani nyaraka zilikuwa nyingi zaidi, hilo lilikuwa na 9: Menelik wa Ethiopia yumo, Yaa Asantewaa wa Waashanti yumo, Samuel Maherero wa Waherero yumo. Na ya nane inatuhusu sisi kabisa: afisa wa jeshi la Kijerumani akieleza Vita vya Maji Maji katika gazeti la kijeshi la kila wiki la kwao, mwaka 1906.

Binti alikuwa amepata alama 2 kati ya 7. Pembeni mwalimu ameandika kwamba anazisimulia nyaraka badala ya kuzitumia.

Nilijua kosa lile limetoka wapi, maana ni mimi niliyemfundisha. Sisi shuleni tulijibu historia kwa hoja sita: utangulizi, hoja ya kwanza mpaka ya sita, hitimisho. Ukikariri sita zako umefaulu. Nikamwambia mwanangu afanye vilevile, naye akazigeuza nyaraka tisa kuwa hoja tisa. Hati ya kwanza inasema hivi. Hati ya pili inasema hivi. Mpaka ya tisa. Hakuna mahali alipouliza kwa nini mtu huyu anasema hivi, wala kwa nini wawili hawa wanapingana. Kila karatasi ilipewa nafasi ya kusema, halafu hakuna aliyeamua chochote.

Nilikuwa napiga magoti gerejini, nakausha maji yale kwa matambara, alipokuja kusimama mlangoni.

"Mama, umemhukumu kwa hati moja."

"Hati gani tena?"

"Chaja. Chaja inaonyesha kwamba imechomekwa. Haionyeshi nani alichomoa friza, wala lini. Mwalimu amenikata alama kwa kosa hilihili."

Nilitaka kumkemea, nikashindwa. Akaniomba saa moja. Akasema atakusanya nyaraka za nyumba hii, zitimie 7, aandike kama siku ya mtihani, saa ya jikoni iko mbele yake. Nikamwambia sawa, mimi nina friza ya kusafisha.

Kusafisha friza iliyooza ni kazi ya kutubu. Nyama nilizifunga mifuko mitatu mitatu. Nikamwaga maji ya moto na siki, nikasugua pembe kwa mswaki wa zamani, nikapaka magadi, nikasuuza, nikanusa, nikaanza upya. Mama mkwe alikuja akachukua tambara la pili bila kusema neno. Tulisugua pamoja. Alipoona mifuko inapelekwa kwenye pipa alifanya ishara ya msalaba. Kwao nyama haitupwi, na mbuzi mzima ni ugeni wa kijiji. Nilimwona midomo inatetemeka, nikadhani ni uchungu wa samaki wake.

Jioni baba watoto aliingia, akakuta nyumba inanuka siki na wanawe hawasemezani. Binti akatuita wote mezani. Kitinda mimba akaja macho yamevimba, akakaa mapajani kwa bibi yake. Nyaraka zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa, kila moja na namba.

Ya kwanza, risiti ya bucha, Jumamosi ya wiki iliyotangulia. Ya pili, karatasi ambayo baba yao alibandika juu ya friza: MSIFUNGUE HOVYO. Ya tatu, ujumbe wangu kwenye kundi la WhatsApp la familia, Jumatano saa 3 usiku, nikiwa kazini: "Radi kali inakuja. TV na kompyuta zichomolewe, na vingine msivyotumia." Ya nne, taarifa ya kampuni ya umeme kwamba mtaa wetu ulikatikiwa umeme kwa dakika 40 usiku huohuo. Ya tano, picha kutoka simu ya binti mwenyewe, Alhamisi saa 10 jioni. Ya sita, mchoro wa kitinda mimba kutoka shuleni, Alhamisi. Ya saba, maneno yake siku ile, dada yake ameyaandika neno kwa neno: "Mama, mimi nilikuta pako wazi."

Alikuwa ameandika kwa Kiingereza. Akatusomea kwa Kiswahili, akitafsiri papo hapo ili bibi yake asikie.

Alianza na muktadha: nyumba ambayo wakubwa watatu hawalali saa moja, mmoja yuko barabarani, mmoja kazini, mmoja mgeni, na habari hupita kwa simu. Akatoa hoja yake kwa sentensi moja, kwamba nyama haikuharibiwa na mtoto wala na kukatika kwa umeme, bali na tahadhari ya radi iliyoanza kwa ujumbe na kuishia kwenye plagi ambayo kila mtu alidhani mwingine ameirudisha.

Kisha akaanza kuzipambanisha. Taarifa ya kampuni ya umeme ni ya kweli, akasema, lakini haitoshi. Hapo akaleta jambo kutoka nje ya meza, ambalo mtihani unalipa alama yake: idara ya kilimo ya Marekani inashauri kwamba friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi ubaridi kama saa 48 bila umeme. Dakika 40 haziozeshi mbuzi. Risiti na karatasi ya baba vinaonyesha friza ilikuwa imejaa na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuifungua kabla ya sherehe.

Akafika kwenye picha. Alikuwa amejipiga miguu, anawaonyesha rafiki zake viatu vipya. Lakini nyuma ya viatu, pembeni kabisa, waya wa friza unaonekana sakafuni, na chaja iko ukutani. "Picha hii naiamini kuliko zote," akasema, "kwa sababu niliyeipiga sikuwa nawaza friza. Sikuwa namtetea mtu wala kumshtaki mtu. Waya umeingia wenyewe."

Kisha mchoro. Wote tulikuwa tumeuona. Ulikaa siku tatu kwenye mlango wa jokofu la jikoni. Umeme wa njano unashuka juu ya nyumba. Sanduku kubwa jeupe. Mtu mfupi mwenye nguo ya maua, ameshika nyoka. Sisi tulisifu nyoka, tukapita.

Binti akaweka kidole. "Hesabuni meno."

Meno matatu. Mawili bapa yamekaa sambamba, na moja la mviringo chini yake. Baba watoto akanyanyuka, akaenda gerejini, akarudi amekishika kichwa cha waya wa friza. Meno mawili bapa, moja la mviringo.

Pakawa kimya. Na nguo ya maua, katika nyumba yetu, ni moja tu.

"Nimemaliza nyaraka zangu," binti akasema, na sauti yake ikashuka. "Lakini zamani insha hii ilikuwa inauliza jambo moja la ziada: ni hati gani haipo hapa, na ungeihitaji kwa nini? Mimi nimeandika kwamba haipo hati ya Bibi. Hakuna aliyemuuliza."

Moyo ulinipasuka. Kumhoji mama mkwe mbele ya wajukuu, kwa nyama! Kwetu heshima ya mkwe ina mipaka yake, na nadhani hata mume wangu alishika pumzi. Mimi nilikuwa nimesugua friza pembeni yake saa nzima na wala haikunijia kwamba anaweza kuwa na la kusema.

Mama mkwe akamweka sawa mjukuu mapajani, akasema taratibu, "Kwani mliniuliza?"

Akatueleza. Usiku ule radi ilipiga, na mume wake huyu mdogo, yaani kitinda mimba, alimsomea ujumbe wangu kwenye simu, akipapasa herufi. Alisikia TV, kompyuta, na vingine. Kwao Songea radi si mchezo. Aliwahi kuona ukuta wa jirani umepasuka, na redio na jokofu vikafa siku moja. Akachomoa vyote, na friza pia, akiwaza kuirudisha mvua ikikatika. Kisha taa zikazimika, akakaa gizani na rozari yake, usingizi ukamchukua. Asubuhi alichungulia gerejini, akaona waya umeingia ukutani na kitaa kinawaka kijani. Akamshukuru Mungu kwamba wenyewe wamesharudisha.

"Nilipoona mtoto anapigiwa kelele," akasema, "nilitaka kusema. Lakini mgeni akisema katika nyumba ya mkwewe anaonekana anamwingilia. Nikasema nitasafisha."

Nilipiga magoti pale pale, nikamshika kitinda mimba mikono yote miwili, nikamwomba msamaha kwa kila neno, na hasa lile la wali mtupu. Nikamwambia alisema kweli tangu mwanzo, na mimi nikakataa kumsikia. Kisha nikamgeukia mama. Ujumbe ulikuwa wangu. "Na vingine msivyotumia" niliandika mimi, nikiwa na haraka, bila kufikiria ni nani atausoma, wala ni nani atausikia ukisomwa na mtoto wa miaka minane.

"Ndiyo hiyo sasa," binti akasema, na alikuwa anafuta machozi huku akicheka. "Nani aliandika, alimwandikia nani, wakati gani, kwa sababu gani. Ndiyo alama ninayokosa kila siku."

Hatukulala mapema. Alileta ile karatasi yenye alama 2, akafungua hati ya nane, akamsomea bibi yake kwa Kiswahili. Afisa anaeleza kwamba wakubwa wa Wamatumbi walitangaza habari za mzimu wa mto Rufiji wenye umbo la nyoka, na dawa uliyompa mganga: itawaondolea njaa na maradhi, nguruwe wa porini hawatawala mashamba, mavuno yatakuwa mazuri hata watu wasihitaji tena kwenda kufanya kazi ya ujira kwa wageni. Na mwisho, kwa kunong'ona, kwamba risasi hazitawadhuru.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ni Mngoni, na kila tarehe 27 Februari mji wake hukumbuka wazee walionyongwa mwaka 1906, akiwemo Songea Mbano mwenyewe, ambaye mji unaitwa kwa jina lake. Akauliza:

"Huyu alikuwa anamwambia nani?"

"Askari wenzake, Bibi. Kwao Ujerumani."

"Na pamba? Haisemi pamba?"

Binti akasoma tena. Pamba haipo. Akatafuta kitabu chake cha darasani, akarudi kwa baba yake na kwangu, tukampa tunachokijua: mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko, kodi, na jinsi watu wa Nandete huko Matumbi walivyong'oa miche ya pamba mwezi Julai 1905, ndipo vita vikaanza. Nilimweleza pia kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wana kumbukumbu za vita, kwa sababu maandishi mengi yalikuwa ya Wajerumani, na sauti za waliopigana zilikuwa hazijaandikwa.

Akanyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu. Nilimwona anaandika kwamba afisa anakazia dawa na mzimu kwa sababu wasomaji wake ni wanajeshi, na ukiwaambia kwamba watu wamedanganywa na mganga hawatauliza wametendwa nini. Kisha akapiga mstari chini ya yale maneno ya kazi ya ujira. "Hapa ni kama picha ya viatu," akasema. "Hakukusudia kusema kwamba watu wamechoka kufanyishwa kazi. Lakini waya uko sakafuni."

Alitumia maneno ya afisa pamoja na barua ya Maherero na ya Menelik, akazipanga kwa makundi: waliojaribu maneno kwanza, waliochukua silaha, na sababu zilizowatoa kwenye la kwanza kwenda la pili. Hati tisa hazikuwa tena hoja tisa. Zilikuwa mashahidi wa hoja moja, na wengine kati yao aliwauliza maswali magumu. Wiki iliyofuata mwalimu alimpa 6 kati ya 7.

Jumamosi watu wa jumuiya yetu walisikia habari, kila nyumba ikaja na sufuria. Kitinda mimba alikula kuku wa nazi, pilau na sambusa, shati lake jeupe likapata doa la manjano kifuani, na hakuna aliyemgombeza. Mchoro wake tumeuwekea fremu. Nyuma yake dada yake ameandika tarehe, jina la mchoraji, na kwamba ulichorwa darasani siku moja baada ya radi.

Na kabla mama hajarudi Songea, binti alimkalisha sebuleni, akaweka simu mezani, akamwomba aeleze alichosimuliwa na wakubwa wake juu ya njaa iliyokuja baada ya vita, Wajerumani walipochoma maghala na mashamba ya Wangoni. Mama aliongea karibu saa nzima. Alisema wazi kipi alisikia kwa bibi yake, kipi alisikia kanisani, na kipi anakisia mwenyewe. Ilipokwisha, binti akaandika jina lake, mahali, na tarehe.

Mama akainama juu ya daftari, akatazama mstari ule kwa muda.

"Mke mwenzangu," akasema, "andika na hapo kwamba nilikuwa naongea na wewe. Ningeongea na padri, ningesema vingine."